Kengele ya Antena

Mtaani walimwita Antena kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba, na kwa sababu maisha yake yote alikuwa fundi redio. Kazi hiyo aliifanya kwa sikio. Ukimletea redio inayokwaruza, aliinamisha kichwa na kufumba macho, na kabla hujamaliza kueleza, alishajua pa kufungua. Kisha masikio yakaanza kumwacha. Zilitangulia sauti nyembamba, zikafuata maneno ya watu, na mwishowe kukawa kimya kabisa. Akafunga kibanda akarudi nyumbani.

Mkewe alipokuwa hai, mambo yalikwenda. Mtu akipiga hodi, mkewe alimgusa Antena bega na kumwonyesha mlango kwa kidevu. Alipofariki, hodi ziliendelea kupigwa ila hapakuwa na wa kuzisikia. Antena alikuwa humo humo ndani, anapika au anafua, au amekaa tu. Wageni waligonga, wakasubiri, wakaenda zao. Pole pole wakaacha kuja. Yeye alidhani wamemchoka.

Binti yake, aliyeolewa mbali, akamtumia kibao kidogo cha umeme chenye chipu moja na matundu mengi ya kuchomekea waya. Ujumbe ukafuata kwenye simu: "Baba, huo ni ubongo tu. Hausikii, hauoni, hausemi. Wewe ndiye utakayechagua cha kuupa. Usikae bure."

"Basi tumefanana," Antena akamwandikia. Binti hakucheka.

Akaamua kutengeneza kengele. Kwanza alibandika mlangoni kihisi cha kunasa mtikisiko, ili mgeni agonge kama alivyozoea, na jikoni akaweka taa ya kuwaka. Taa ikawaka. Antena akaenda mbio, akafungua: lori lilikuwa linapita. Ikawaka tena: upepo. Mchana kutwa alifungulia malori na upepo, na kila mara alikuwa ameshafunga vizuri vifungo vya shati kabla ya kushika komeo. Jioni aliking'oa kihisi kwa hasira.

Akajaribu kibati cha kugusa tu, kisicho na kitu cha kubonyea. Kilikuwa kizuri kwa macho, lakini kidole kikiwa na maji kilichanganyikiwa, na mguso wake haukumwambia mtu kitu. Mgeni angejuaje kama ameeleweka? Antena akachimbua kwenye makorokoro ya kibandani kitufe kinene cha zamani, kile kinachorudi juu kwa nguvu ukikiachia. Hicho kilijibu kidole. Kando yake akafunga kispika kidogo cha kutoa mlio, ili mgeni ajue kengele imeita. Sauti yake aliichagua kwa kuweka ncha za vidole juu yake, huku akikumbuka mlio wa namna hiyo ulivyokuwa.

Upande wa ndani ulimsumbua zaidi. Kioo kidogo cha maandishi, kama cha simu, kiliandika MGENI kwa herufi safi, ila kilihitaji mtu wa kukikodolea macho kutwa. Taa nayo haikuwa na maana akiigeuzia mgongo. Mwishowe alitoa kwenye simu mbovu kile kimota kinachoifanya itetemeke, akakitia pamoja na betri kwenye kijisanduku cha kuvaa kiunoni, kisichohitaji waya hadi mlangoni. Akatoka nje, akabonyeza. Kiuno kikatetemeka. Akabonyeza tena, kisha tena, peke yake, mbele ya mlango wake mwenyewe.

Siku zikapita, hakuna aliyekuja. Akabadilisha betri akidhani imekufa. Betri ilikuwa nzima.

Ndipo akaenda kwa jirani yake mshonaji, rafiki wa marehemu mkewe. Aliinua mkono agonge, akasita: hata akikaribishwa, atajuaje? Akagonga, akabaki amesimama kama mdaiwa, mpaka mshonaji alipoona kivuli chake dirishani akaja kumfungulia.

"Nimeweka kengele," Antena akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ukija, bonyeza. Siku hizi huji."

Mshonaji akachukua chaki yake ya kuchorea nguo, akaandika kwenye kitambaa cheusi kilichokuwa mezani: *Nilipiga hodi mpaka mkono ukaniuma. Nikajua hutaki watu tangu dada atutoke.*

"Mimi? Nilikuwa ndani, jirani! Kila siku nipo ndani!"

Mshonaji akashika mdomo. Akafuta maandishi kwa kiganja.

Wiki iliyofuata, Antena akimenya vitunguu, kiuno kilitetemeka. Alishtuka, kisu kikaanguka. Alikuwa mshonaji. Walikunywa chai, wakaandikiana kidogo, kisha akaondoka maana alikuwa na nguo za wateja. Baadaye akaja kinyozi, na siku moja msoma mita za maji, ambaye naye alilazimishwa kuketi. Wengine hawakuja. Kuna waliohama, na kuna waliozoea tu kupita bila kusimama.

Binti akauliza kwa ujumbe wa simu kama kengele inafanya kazi.

"Haina tatizo," Antena akajibu. "Siku nyingi hailii tu. Njoo uibonyeze."

Binti akaandika kwamba akipata likizo atakuja. Antena aliusoma ujumbe huo mara kadhaa, kisha akaenda kuweka maji ya chai jikoni.