Leo Mallye Haitiki

Tak Mallye alizaliwa msichana wa tano kwa baba aliyekuwa akingoja mvulana, ndiyo maana akapewa jina hilo. Maana yake ni kama kusema "mwisho," yaani wasichana wametosha, asanteni. Mwaka uliofuata akazaliwa wa sita, na huyo walikaa muda mrefu bila kujua wamwite nani.

Jina lenyewe halikumfaa sana. Alipoolewa kijijini Hakdong akawa bibi harusi, alipozaa akawa Mama Eunju, na mume alipofariki akamwachia jiko la kupikia tofu, ile jibini ya soya, akawa Mama Tofu. Ungeweza kukaa Hakdong mwaka mzima usisikie mtu anasema Mallye, isipokuwa alfajiri moja tu: ile ya mwezi mpevu wa kwanza baada ya mwaka mpya wa kalenda ya zamani. Serikali haijaona sababu ya kuwapa watu mapumziko siku hiyo, na Hakdong haijawahi kuomba ruhusa. Watu wanapika wali wa nafaka tano, wanavunja njugu kwa meno ili wasitokwe na majipu, na kabla jua halijachomoza wanauziana joto.

Biashara yenyewe ni rahisi. Unamwita mwenzio kwa jina lake. Akiitika tu, unamwambia, "Nunua joto langu," na imekwisha: jasho lako lote la kiangazi kinachokuja, pamoja na vizunguzungu vyake, anabeba yeye. Naye anaweza kumuuzia mwingine, mradi jua halijatoka.

Sasa fikiria mtu ambaye kazi yake ni kuitika. Muuza tofu akiitwa asiitike, tofu inachacha. Mallye alikuwa anasema "abee" kabla hajajua nani kaita, kwa hiyo miaka yote kijiji kizima kilimuuzia yeye. Walimuuzia wazee, walimuuzia watoto, hata mchungaji wa kanisa alimuuzia huku akieleza kwamba mambo hayo haamini. Mallye alicheka, akaenda kukoroga sufuria yake.

Lakini kiangazi kilichopita alianguka. Alikuwa ameinama juu ya soya inayochemka, mvuke usoni, mara dunia ikageuka, na alipozinduka alikuwa chali sakafuni anatazama dari. Eunju, binti yake wa pekee, akaja mbio kutoka mjini Suwon. Akamkalisha mama yake chini, akaongea kwa ile sauti anayotumia kazini.

"Mama, sikiliza. Ukianguka tena kwa joto, hata mara moja, nakuja na lori. Sufuria nauza chuma chakavu, wewe nakupeleka kwangu ghorofani."

"Huko ghorofani nitafanya nini?"

"Utapumzika."

Mallye alishaona watu waliopelekwa kupumzika. Wengi hawakurudi.

Basi mwezi mpevu ulipofika, akaamua: leo haitiki. Kuamini hakuamini sana. Lakini hata asiyeamini akianguka, sakafu ni ileile. Akaamka giza bado, akawasha kuni, akafunga mdomo.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Bae Changgyu, ambaye hakujisumbua hata kutoka nyumbani. Aliwasha spika ya kijiji, ile ya kutangazia misiba na dawa ya mpunga, akakohoa, sauti ikamwagika mpaka mlimani. "Tak Mallye. Tak Mallye. Popote ulipo, itika."

Mdomo wa Mallye ulishafunguka. Akauziba kwa kipande cha tofu ya moto. Ulimi ukaungua, machozi yakamtoka, sauti haikutoka. Baadaye kidogo mwenyekiti akagundua kwamba hata Mallye angeitika, yeye asingemsikia, akaja kwa miguu.

"Mallye, mbona huijibu serikali?"

Mallye akamkabidhi tofu yake.

"Umekuwa bubu? Haya, kunywa hii kidogo." Akatoa chupa ya pombe baridi, ile inayonywewa asubuhi hiyo ili masikio yasikie habari njema mwaka mzima. Mallye akatikisa kichwa. Masikio yake yalikuwa mazima, shida ilikuwa mdomo.

"Unatutesa, dada. Sasa joto langu nimpelekee nani, mke wangu?"

Mallye akakubali kwa kichwa kwamba lingekuwa wazo zuri. Mwenyekiti akaondoka ananung'unika.

Hakujatulia vizuri, ikasikika sauti nyuma ya ukuta. Ilikuwa ya Bibi Bokdan, jirani, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini ambaye tangu Mallye aolewe hajawahi kukosa kumuuzia.

"Mama Eunju. Mama Eunju, nakufa huku."

Mallye akasita, mwiko juu. Joto haliuzwi kwa jina la mtoto, sharti jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo hii haikuwa biashara, na mtu anayesema anakufa, pengine anakufa. Akaenda. Kuitika hakuitika, kwa usalama tu.

Bibi Bokdan alikuwa amekaa kwenye barafu karibu na bomba, bakuli la kununulia tofu limepinduka kando, kifundo cha mguu kimeumuka kama kiazi kitamu.

"Ningeganda hapa kama samaki, na wewe uko jikoni umenuna," bibi akasema. "Hata 'pole' huna?"

Mallye akachuchumaa, akampa mgongo. Akamwinua. Bibi alikuwa mwepesi kama mzigo wa mabua ya ufuta, ila ulimi haukuwa umepungua. Akalalamikia barafu, akalalamikia bomba, akalalamikia mwenyekiti. Kisha sauti ikawa nyingine kabisa.

"Siku uliyoletwa hapa ulivaa viatu vya mpira vya kuazima. Nikasema, huyu hamalizi mwaka. Mume mlevi, mama mkwe pilipili. Ukavumilia. Nilikuwa nakuonea huruma, ila sikusema." Pumzi yake ilimgusa Mallye shingoni. "Mallye. Mallye, mwanangu."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu mama yake mzazi afariki.

"Abee, bibi."

"Nunua joto langu."

Mallye akasimama njiani. Wazo la kumtua palepale kwenye barafu lilimpitia, na lilipita polepole.

"Huo mguu umeumia kweli, au nao ulikuwa mtego?"

"Mguu ni mguu, biashara ni biashara. Tembea, mimi nasikia baridi."

Akamfikisha kwake, akamlaza kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, akamfunga mguu kwa kitambaa, hakumsemesha tena. Alipotoka, anga juu ya mlima ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Akatazama njia juu na chini. Hata mbwa hakuwepo. Wenye akili walishauza, wajinga walishanunua, na wote walikuwa ndani wanakula.

Hapo ndipo simu ikalia. Tangu aanguke, Eunju alikuwa anapiga kila asubuhi kusikia kama mama yuko hai.

"Mama, umeamka salama?"

"Eunju."

"Abee?"

"Nunua joto langu. Na la Bibi Bokdan limo humohumo."

"Mama, mimi nashinda kwenye kiyoyozi. Hayo mambo ya..."

"Ndiyo maana nimekuuzia wewe, huko litapoa. Sasa tuelewane. Ulisema nikianguka kwa joto. Joto mimi sina tena, liko Suwon. Nikianguka mwaka huu itakuwa miguu tu, na kwenye miguu lori halihusiki."

"Huo ni uhuni, mama."

"Umeitika mwenyewe, nani kakushika mdomo?"

Mallye akasikia pazia linavutwa.

"Mama," Eunju akasema, safari hii si kwa sauti ya kazini, "huko jua limeshatoka?"

"Bado kidogo."

"Subiri, usikate."

Mtu hauzi kitu kabla hajakubali kwamba ni chake: Eunju alikuwa amelikubali joto, na habari ya lori iliishia hapo. Mallye akabana simu sikioni, akasikia ndara za binti yake zikikimbilia chumbani, na Eunju akimwita mumewe kwa jina lake kamili, kwa upole mwingi kupita kiasi. Mwanamume wa watu akaitika.