Kidonge cha Kauri Alichomeza Baba Mkwe

Chekeni tu, jamaa zangu, hii aibu nilikuwa nimeapa kuzikwa nayo.

Wakati huo nilikuwa fundi wa maabara chuoni, nikikaa mtaa wa Umoja, na kazi yetu ilikuwa kuoka vidonge vya kauri vya kutiwa ndani ya kifaa kinachogeuza gesi kuwa umeme. Shida ni kwamba kauri ya kawaida haipitishi oksijeni mpaka ipate moto wa kuyeyusha sufuria, basi profesa akataka ya kufanya kazi kwa moto mdogo, na baada ya miezi ya kuharibu (vingine vilipasuka, vingine vilimeguka kama biskuti) tukapata kimoja. Kimoja tu! Jumatatu kilikuwa kipimwe mbele ya wageni.

Jumamosi nikaalikwa mtaa wa Donholm kwa wazazi wa Mwende, mchumba wangu, nami kwa kiherehere changu nikakitia mfukoni, ili babake, dereva wa lori aliyeamini watu wa vitabu ni wavivu, ajue binti yake hajaokota mtu ovyo.

Nikakiweka mezani kwenye kisahani, nikaenda kunawa mikono. Kurudi, kisahani kitupu, mzee anashushia na chai.

"Asante, kijana. Kumbe Mwende alikuambia kichwa kinanisumbua?"

Ningenyamaza, lakini nikamfikiria profesa, mdomo ukatangulia: "Baba, hiyo si dawa! Ni kauri! Haitakudhuru, lakini... naomba unirudishie."

Mzee akasimama. "Nikurudishie? Kupitia wapi?"

Akina mama wa kanisa waliokuwa jikoni wakaangua kicheko, mmoja akakimbia kuwapasha majirani, na nilipotoka (bila kuonja kuku, wajameni) ploti nzima ya wapangaji ilikuwa ikiniuliza kama nitangoja au nitapitia kesho.

Jumatatu nikamwambia profesa ukweli, naye wageni akawaonyesha michoro, uso umemvimba kwa hasira.

Jumatano mlango wa maabara ukagongwa. Mzee mwenyewe, na bahasha.

"Nimekichemsha mara tatu," akasema, bila kuniangalia usoni.

Profesa akavaa glavu mbili mbili, akakipima, na niamini, oksijeni ilipita vilevile! Mzee akataka kuonyeshwa mshale wa mashine ukipanda, akatikisa kichwa, akaniambia, "Jumapili uje umalize kuku."

Mwende nilimwoa. Lakini kitu cha maabara hakijawahi kutoka nami tena, na ukweni nabeba majani ya chai na sukari, basi.