Malkia Juu ya Farasi

Tembo walipoingia shambani kwetu Kasigau hawakubakisha kitu. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka, tayari kuvunwa. Baba na majirani walipiga madebe na kurusha vijinga vya moto mpaka sauti zikawakauka, lakini wale wanyama waliendelea kula taratibu, kama wako kwao.

Mimi wakati huo, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi mjini Voi. Habari nilizipata Baba aliposhuka kwenye lori na kuja moja kwa moja hadi mlango wa darasa langu, amevaa koti lake la kanisani.

"Mwanangu, omba ruhusa," akasema. "Leo tunaiuza."

Sikuhitaji kuuliza anauza nini. Baba alikuwa amempikia meneja wa shamba la mkonge kwa miaka mingi. Mzungu yule alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao, Baba alimwomba ng'ombe mmoja. Badala yake alipewa sarafu ya ukumbusho, nzito, kubwa kuliko shilingi yoyote tuliyoijua, iliyotolewa malkia wao alipotawazwa. Upande mmoja malkia mwenyewe amepanda farasi. Meneja alimwambia aitunze, kwamba ikikaa itamnunulia ng'ombe wengi. Basi Baba akaitunza. Karo yangu ilipokosekana, haikuuzwa. Mama alipolazwa, haikuuzwa. "Bado inakua," alikuwa akisema, kama mtu anayezungumzia ndama.

Tulianza benki. Kijana wa kaunta aliigeuzageuza, akamwonyesha mwenzake, akaturudishia. "Mzee, hii si pesa ya Kenya. Sisi hatuna bei yake. Jaribuni kwa sonara."

Sonara alikuwa na kiduka nyuma ya soko. Alimkaribisha Baba kwenye kiti, akaipima sarafu kwenye mizani yake ndogo, kisha akaisugua ukingo kwenye jiwe jeusi na kudondoshea dawa ile alama iliyobaki. Akaitazama kwa muda.

"Hii si fedha, mzee," akasema.

"Hata benki wamesema si pesa ya hapa," Baba akamjibu kwa upole. "Mimi nataka bei yake tu."

"Nasema madini yenyewe si fedha. Ni nikeli na shaba."

"Lakini ni ya ukumbusho. Zilitengenezwa chache."

Sonara aliniangalia mimi, kama anayeniomba nimsaidie. Basi akainama, akatoa mkebe wa biskuti chini ya meza, akaufungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na malkia juu ya farasi, mwingine, na mwingine, wamelaliana, kila sarafu imesuguliwa ukingoni kama yetu.

"Hizi nilinunua zamani, nikidhani ni fedha," akasema. "Wapishi, watunza bustani, manyapara. Kila mmoja aliambiwa kama ulivyoambiwa wewe. Mpaka leo sijapata wa kumuuzia hata moja."

Baba alichukua mojawapo, akailinganisha na yake. Akazigeuza pamoja, upande huu na upande ule. Nilitamani aone tofauti yoyote, hata mkwaruzo. Akazirudisha mezani, halafu ikawa hajui ipi ni yake.

"Chukua yoyote, mzee," sonara akamwambia. "Ni mamoja."

Hilo ndilo lililomuumiza. Alikataa chai tuliyoagiziwa. Nje, kwenye jua, nilimpa kilichobaki katika mshahara wangu, na hakikutosha hata gunia moja la mahindi. Alikipokea bila kunitazama usoni. Baba ambaye hajawahi kupokea kitu kwangu.

"Nilitaka ng'ombe," akasema. "Hata dume tu, angalau tungelima naye."

Nikamwambia atapata, Mungu akipenda. Yalikuwa maneno matupu na sote wawili tulijua.

Msimu ule Mama na wadogo zangu waliishi kwa unga wa msaada uliokuwa ukiletwa kanisani, wiki nyingine ukifika, wiki nyingine lori likikwama njiani. Mdogo wangu aliyenifuata aliacha shule akaenda Mahoo kwa shangazi, kulima migomba ya watu. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Aliniuliza atarudi lini darasani, nami nikawa namfunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, hata vile vilivyokuwa tayari vimefungwa.