Alama Alizomwongezea Babu

Fundi cherehani alikuwa roho juu tangu asubuhi. Ashone mkono mmoja wa gauni, ainuke kumtazama mbwa wake chini ya meza. Arudi, ainuke tena. Mbwa huyo wa miaka kumi na minne, ambaye nyumba nzima ilimwita Babu, alikuwa akihema na kutetemeka miguu ya nyuma.

Daktari wa mifugo alikuwa amempa fomu za kujaza kila Jumamosi. Anakula? Anatembea? Anacheza? Analala bila maumivu? Anafurahi kukuona? Kila swali alama sifuri hadi kumi. Jumla ikishuka chini ya ishirini na tano itabidi wazungumze, na fundi alijua mazungumzo hayo huishia kwenye sindano ya kumlaza mbwa usingizi wa milele.

Sasa, fundi huyu miaka thelathini hajakata kitambaa bila kuacha ziada ya mshono. Nguo ikibana, utafumulia wapi? Basi Babu akistahili tatu, anaandikiwa tano; akistahili tano, saba. Mwenyewe hakuona kama anapiga chuku, maana mapenzi nayo yana ukaidi wake.

Mdogo wake alipoingia kibandani hata hakuketi. "Dada, mbona Babu yuko hivi?"

"Juzi kapunguziwa dawa ya maumivu."

"Kwa nini?"

"Daktari anasema anaendelea vizuri."

"Nani kamwambia?"

Fundi alikumbuka fomu zake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akamfunga Babu kwenye shuka, akambeba mbio mbio hadi kliniki, na mlango wa kibanda akausahau wazi.

"Alama nilizidisha," alimwambia daktari kabla ya salamu.

Daktari hakumgombeza. Alimpa fomu nyingine, naye akaijaza amesimama. Kula, tatu. Kutembea, moja. Kucheza, sifuri. Kulala bila maumivu, moja. Kufurahi kukuona, kumi.

"Hii kumi nayo?"

"Hiyo ni ya kweli. Ndiyo iliyonidanganya."

Daktari alijumlisha: kumi na tano. "Mama, tunaweza kumrudishia dawa ile. Atapata wiki mbili, tatu."

Fundi alimpapasa Babu sikio. Alitaka kusema ndiyo, alitaka sana.

"Wiki hizo zitakuwa zangu, daktari. Si zake."

Akauliza kama anaruhusiwa kumshika mpaka mwisho.