Ndizi ya Aliye Safarini

Kila Jumamosi mama alipika kiburu. Tulikuwa Goma, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano, lakini siku hiyo jiko letu lilikuwa la Uru, kwenye migomba iliyo juu ya mji wa Moshi, alikozaliwa. Alichemsha maharage, akamenya ndizi na kuzipanga juu yake, akatia chumvi na magadi kidogo, kisha akafunika kwa jani la mgomba. Kwao, alisema, kiburu humaliziwa kwa samli. Goma samli ilikuwa adimu. Alitia mawese, na chakula kikatoka chekundu.

"Mama yangu akikiona hiki atanifukuza jikoni," alisema, akicheka peke yake.

Baba, Mkongo, alikuwa dereva wa malori. Alikutana na mama Moshi, akamchukua bila kungoja baraka za mtu. Alipokuwa safarini, mama aliweka ndizi moja na maganda yake juu kabisa ya sufuria. Kabla ya kuponda, aliitoa na kuiweka kabatini. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Baba akirudi aliimenya mwenyewe, hata kama ilikuwa imepoa na kukauka. Asiporudi, Jumamosi iliyofuata ile ya zamani alipewa mbuzi wa jirani na nyingine ikawekwa. Mama alisema ndivyo bibi alivyofanya kule Uru. Tangu nifike huku Moshi nimewauliza wanawake wengi. Wengi hawaijui. Huenda ilikuwa desturi ya jiko moja tu.

Baba alikufa kwa homa, nyumbani, mikononi mwetu. Baada ya mazishi mama alimenya ndizi zote. Furaha, mdogo wangu, aliuliza ya baba iko wapi.

"Aliyezikwa hawekewi," mama alisema. "Anawekewa aliye safarini."

Vita havikutujia ghafla. Kwanza makaa yalipanda bei. Kisha watu wa vijijini walijaza uwanja wa shule na magodoro vichwani. Umeme ukakatika, na baada yake maji ya bomba. Milio iliyokuwa milimani ikashuka kila siku, mpaka tukaweza kutofautisha bunduki na kombora. Jirani yetu Mama Riziki alihamia kwetu, kwa sababu nyumba yake ilitazamana na barabara kuu. Tuliegemeza magodoro kwenye madirisha na kulala sakafuni.

Asubuhi moja milio ilikoma. Mama aliinjika maharage, akapanga ndizi juu yake. Zote alizimenya, kwa kuwa sote tulikuwa nyumbani. Maharage yalikuwa makavu ya zamani na yalikunywa maji haraka. Yalipokuwa bado magumu, sufuria ilianza kukauka. Bido, dumu letu la maji, lilikuwa tupu.

"Ziwa si mbali," mama alisema.

Mama Riziki alimshika kitenge. "Mama Vene, usiende. Ile kunyamaza si ya kuisha. Wanajaza risasi."

"Watoto hawajala tangu juzi. Haya yataungua."

"Yaungue!"

"Wewe hujawahi kunusa kiburu kilichoungua," mama alisema, na Mama Riziki akacheka bila kutaka.

Kisha akanigeukia. "Vene, punguza moto. Na usimfungulie mtu usiyeijua sauti yake."

Alichukua bido la njano, lenye kipande cha kitenge cha bluu kwenye mshikio, akatoka.

Nilipunguza moto.

Kombora la kwanza lilianguka mbali.

La pili lilitikisa sahani kabatini.

Mama Riziki alituvuta chini ya meza. Nje mtu alikimbia, kisha hakukimbia tena. Sufuria ilianza kunuka.

Furaha alichomoka.

Nilidhani anakimbilia mlangoni. Alikwenda kwenye mkungu uliokuwa pembeni, akavunja ndizi moja, akafunua sufuria na kuiweka juu, na maganda yake. Akarudi kujilaza karibu nami. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mchana, milio iliposogea upande wa uwanja wa ndege, mimi na Mama Riziki tulifuata njia ya ziwani. Bido lilikuwa kando ya ukuta, limelala ubavu. Nilikijua kile kitenge cha bluu. Upande wa juu kulikuwa na tundu ambalo kidole changu kingeingia. Mama hakuwapo. Mtu aliyekuwa akifagia vioo alisema gari lilipita na kuwachukua watu, wengine wakiwa hai, wengine sivyo, na hakujua nani alikuwa nani.

Tulikwenda hospitali. Nilitazama kila uso niliooneshwa. Mama hakuwa miongoni mwao. Tuliambiwa kuna waliokwisha kuzikwa pamoja. Zaidi ya hapo sijui, na sitaandika nisichokijua.

Bido tulilibeba nyumbani. Maji yaliyobaki tuliyanywa.

Dereva aliyewahi kufanya kazi na baba ndiye aliyetutoa. Mama Riziki alitukabidhi kwake kwenye lori lake tupu, akaahidi kuendelea kuuliza. Kabla ya mpaka kulikuwa na kizuizi. Mpiganaji alipanda hadi mlangoni na kuonesha mfuko wa Furaha.

"Humu mna nini?"

"Nguo," nilisema.

Akautia mkono. Akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa ile ndizi, nyeusi kwa moto.

"Nguo hii?"



"Ni ya mama," Furaha alisema. "Usiimenye."

Mpiganaji alimtazama. Akainusa. Akairudisha mfukoni, akapiga bati la lori kwa kiganja, nasi tukapita.

"Huyu mdogo wako atatuua," dereva alisema tulipofika mbali. Furaha alikuwa amelala.

Ndizi ile iliharibika kabla hatujafika Singida. Tuliitupa tukiwa wawili.

Mama alikuwa ametueleza njia ya kwao mara nyingi, kama anayesimulia ngano: panda kutoka Moshi mjini, pita kanisa, fuata mfereji mpaka penye mti wa parachichi ulioinamia paa. Mti ulikuwepo. Chini yake mwanamume alikuwa akinoa panga. Alikuwa mjomba Kanisi, kaka yake mama.

"Shikamoo mjomba. Sisi ni watoto wa Adelina."

Hakuitikia. Alitutazama viatu, kisha nyuso.

"Adelina aliondoka hapa bila kuaga," alisema. "Hakutuma hata salamu. Leo wanakuja watoto wanaongea Kikongo. Kesho tutasikia wanadai kihamba."

Sikujua kihamba ni nini. Baadaye nilielewa ni shamba la ukoo, lenye migomba na makaburi, ambalo watu hugombana hata na damu yao. Wakati ule nilijua tu kwamba jua linazama na hatuna pa kwenda.

"Kanisi, unamfokea nani?" Sauti ilitoka jikoni.

"Wageni, mama."

"Mgeni hafokewi akiwa na njaa. Waingie."

Bibi alikuwa mdogo kwa umbo, amefunga kitambaa kichwani, ameshika mwiko. Tulimwamkia. Sufuria ilikuwa wazi mbele yake, maharage na ndizi zikitoa mvuke. Furaha alisogea akachungulia, kama mtoto yeyote mwenye njaa. Kisha akanivuta mkono.

"Vene, ona. Hapa pia kuna mtu iko safarini."

Juu ya sufuria kulikuwa na ndizi moja na maganda yake.

Mwiko ulisimama. "Nani kakwambia hiyo ni ya aliye safarini?"

"Mama."

Bibi aliketi taratibu kwenye kigoda. Hakulia. Alimtazama Furaha, paji la uso, masikio, mikono.

"Sasa yuko wapi?"

Nilimweleza kwa mpangilio, tangu maji yalipokatika. Nilimweleza juu ya ziwa, makombora, bido na tundu lake. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Dumu mliliona. Yeye ulimwona?"

"Hapana, bibi."

"Mlimzika?"

"Hapana."

"Dumu si mtu," alisema. "Ndizi inabaki."

Mjomba Kanisi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, kofia mkononi. "Marahaba," alisema hatimaye. Ilikuwa salamu yangu ya kule nje ndiyo aliyokuwa akiiitikia.

Siku hizi nina kibanda cha chakula sokoni Kiboriloni. Ninapika kiburu cha samli kwa wazee na cha mawese kwa wanaotaka, na wanaotaka wameongezeka. "Mama Kongo, leo kiburu kimevaa nyekundu?" wananitania. Wengine husema hicho si chakula cha Kichaga. Wanasema hivyo wakiwa wanafuta sahani.

Bibi hakutaka mawese jikoni kwake. Mara ya kwanza alionja, akatema. "Haya yapeleke Kiboriloni. Hapa tunatia samli." Kila Jumamosi nilipanda Uru tukapika kwa namna yake, na kila Jumamosi ndizi moja ilikaa juu na maganda yake. Mama Riziki hupiga simu mara moja moja. Huanza kwa kusema hana habari, ili tusingoje, kisha ndipo anatusalimu.

Msimu uliopita wa kuchuma kahawa, macho ya bibi yalikuwa yamefifia. Mimi na Furaha, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, tulimenya. Bibi alizipapasa ndizi kuhakikisha zimemenyeka. Nilikuwa nimekwisha kuweka ile ya juu.

"Lile dumu," alisema ghafla. "Tundu lilikuwa wapi?"

"Ubavuni, bibi. Upande wa juu."

"Ndani mlikuwa na maji?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mimi mwenyewe. Nilikumbuka uzito wa bido mkononi.

"Yalikuwemo. Tuliyanywa."

"Na alitoka nalo tupu."

"Tupu."

Moto ulilia kidogo. Furaha aliacha kisu.

"Basi alikwisha kufika ziwani," bibi alisema. "Alichota. Alikuwa anarudi kwenu. Safari yake iliishia pale ukutani."

Alinyoosha mkono juu ya mvuke, akaitafuta ile ndizi kwa vidole, akaitoa. Ilikuwa bado haijaiva sawasawa. Aliimenya polepole, akaikata vipande vitatu, akampa Furaha kimoja, akanipa mimi kimoja, na kimoja akala mwenyewe. Haikuwa na chumvi. Maganda Furaha alimpelekea ng'ombe.

Hatuna kaburi la kuonesha. Kihambani kuna mahali mjomba Kanisi amepaacha bila kupanda mgomba, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Jumamosi iliyofuata nilimenya ndizi zote. Bibi alizipapasa moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho. Kisha akanigeukia.

"Lete yale mafuta yake mekundu," alisema.