Lango Lililomngoja Jike Kubwa

Mwanangu, kicheko cha siku ile bado ninacho masikioni. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji pale Nkunga, kijana niliyerudi juzi tu kutoka mjini, nikasema nitawamaliza nguruwe pori bila mkuki wala mbwa.

"Huyu na diploma yake," akasema mjomba wangu Asajile, mwindaji aliyejulikana mpaka ng'ambo ya mlima, "atawaandikia barua waje kwa adabu."

"Na wakija atawaita majina!" mwingine akadakia.

Hata mama yangu alificha uso ndani ya kitenge akicheka. Wote walisema sitaweza. Wangekuwa wanamsema mtu mwingine, huenda ningekubaliana nao. Lakini walikuwa wananisema mimi.

Nyinyi vijana wa Matwebe mnaniona leo na shamba langu la parachichi mnadhani nilizaliwa nalo. Niliondoka hapa na ndala zilizoshonwa kwa waya. Nimebeba mizigo sokoni Mbeya, nimekaanga chipsi Dar es Salaam, na kwa chipsi hizo nikajisomesha mpaka nikapata diploma ya kilimo na mifugo. Hakuna shangazi wala mjomba aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na aliyepanda mlima kwa miguu yake ana haki ya kusifia mandhari.

Sasa nasikia nguruwe wamefika kwenu, na mnanoa mikuki. Kaeni kwanza niwasimulie.

Nguruwe wale hawakuletwa na shetani. Walikuwa wa kwetu. Mwaka mmoja pumba zilipanda bei, watu wakafungua mabanda, wakasema, "Watajilisha wenyewe." Wakajilisha kweli. Kwenye mabonde ya chini ya msitu wakaota manyoya marefu, wakajifunza kutembea usiku, wakazaliana. Jike la nguruwe halizai mmoja kama ng'ombe, linazaa kundi. Wakitoka bonde hili wanaingia lile, na shamba walilolala asubuhi linaonekana kama limelimwa na trekta la mlevi.

Shamba la mama yangu lilikuwa mpakani kabisa. Misimu miwili mfululizo hakuvuna hata viazi vya kupika. Dada yangu alikwisha kumtafutia chumba cha kupanga Bulyaga, kule mjini. Mama akaniambia, "Nimekubali. Nikikosa na safari hii nitahama. Nitakwenda kufia kwenye chumba, nikisikiliza redio ya jirani." Mama yangu, aliyezaa na kuzika kwenye udongo ule! Hapo ndipo nilipojua kwamba mzaha umekwisha.

Tatizo halikuwa uvivu. Watu wetu walikuwa wanawinda sana. Lakini desturi ya kwetu inasema anayechoma mkuki wa kwanza ndiye anayepewa mguu wa nyuma, na mguu ule si nyama tu, ni jina. Basi kundi likionekana, kila mwanamume anakimbilia mkuki wake utangulie. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Anauawa mmoja, pengine wawili, vigelegele vinapigwa, na waliobaki wanatawanyika kwenye mashamba ambayo jana hayakuwa na nguruwe. Tulikuwa tunawasambaza kwa mikono yetu huku tukila mguu.

Nikawaambia: tujenge uzio wa duara, usio na kona, tuweke chakula ndani, lango liwe wazi. Waje, wale, waende. Wakizoea, siku watakapoingia wote, ndipo lango lianguke.

Uzio ulihitaji vitu ambavyo sikuwa navyo, nikakopa. Majirani walinikopesha mianzi. Mama wauza kimpumu walinipa machicha ya pombe yao, maana hakuna harufu inayomvuta nguruwe kama ile. "Binadamu tunanunua," wakalalamika walevi, "nguruwe wanapewa bure!" Waya nilikwenda kuukopa mjini Tukuyu kwa Bwana Salum, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani.

"Yaani," akasema akinitazama juu ya miwani, "unataka waya wangu ukamkamate nguruwe, kisha unilipe nini? Paja?"

"Nitakulipa viazi, mzee wangu."

"Viazi vya shamba gani?"

"La mama. Hilo hilo wanalolila."

Akacheka mpaka akavua miwani. Lakini akaniviringishia waya. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Na kamba ya kuangushia lango, unajua nilimpa nani? Nilimpa mjomba Asajile. Watu walishangaa. Mimi nilijua kwamba akiwa ameshika kamba hatakuwa ameshika mkuki, na asipotoka yeye na mbwa wake hatoki mwingine. Ulikuwa ujanja wangu, nakiri kwa furaha. Ila kilichofuata hakikuwa changu. Kilikuwa cha yule mzee, na mpaka leo namvulia kofia.

Kila alfajiri tulijilaza kwenye matete, ukungu umetufunika, mvua yetu hii isiyoomba ruhusa ikituingia shingoni. Kundi lilianza kwa woga, likazoea. Wote waliingia isipokuwa jike kubwa, lenye sikio lililochanika. Hilo lilisimama langoni likinusa.

Alfajiri moja ndani kulikuwa kumejaa migongo. Waliolala karibu nasi wakashindwa kuvumilia.

"Vuta, mzee! Nyama hiyo!"

"Unangoja wapakwe chumvi?"

Mkono wa Asajile ulitulia juu ya kamba, mkono ambao maisha yake yote ulikuwa haujawahi kumwacha mnyama aliyekuwa karibu hivyo. Jike likageuka, likaondoka, na kundi lote likalifuata. Watu wakasonya. Mmoja akasema mzee amezeeka.

Asajile akajifuta matope usoni. "Nimechoma nguruwe tangu nikiwa kijana," akasema, "na kila niliyemchoma, mama yao alikuwa anaangalia. Anatujua. Leo simwonyeshi kitu."

Kesho yake jike likasimama tena langoni, likanusa tena. Kisha likaingia taratibu kama mama mkwe anayeingia jikoni kwako. Kamba ikavutwa. Lango likaanguka. Hakubaki hata mmoja nje.

Afisa mifugo alikuja akapima nyama na kuipitisha. Tulipofika kwenye mguu wa nyuma tukakwama, maana hakuna aliyechoma wa kwanza. Wakamtazama Asajile. Akaubeba begani, akavuka mfereji, akauweka mlangoni kwa dada yake, mama yangu. "Huu ni wa aliyekuwa ahame," akasema.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Tatizo lililoingia kwa kundi usilifukuze mmoja mmoja. Utalipeleka kwa jirani, na jirani atakurudishia. Mngojee mama yao. Jina la kuchoma wa kwanza ni tamu, lakini subira ya wengi ndiyo inayojaza ghala. Na banda lako lifunge, hata pumba zikipanda bei. Ukishindwa kumlisha mnyama, muuze au mchinje. Usikiachie kijiji kizima kikulishie.

Waliocheka nao nimewasamehe. Hata hivyo, huwa nawakumbusha.

Wenye mianzi niliwarudishia mianzi yao na nyama juu. Mama wauza kimpumu walipata mafuta ya kukaangia. Akabaki Bwana Salum. Kwake nilisubiri mpaka viazi vilipokomaa, kisha tukashuka mjini na mama, gunia limefungwa nyuma ya pikipiki, mama akinifuata kwa nyingine, kwa sababu alikataa nimlipie bila yeye kuwepo. Alilifungua gunia mwenyewe dukani, akatoa kiazi kimoja, akakifuta udongo kwa kitenge chake na kukiweka mkononi mwa Bwana Salum.

"Cha shamba langu," akasema. "Bado nakaa hapo."

Bwana Salum akakigeuzageuza, akainua mikono yote miwili na kutuombea. Dua ile sikuiweka kwangu peke yangu. Naitoa kwako leo: Mungu akupe mkono unaojua kungoja, shamba lisilokuhamisha, na siku ya kumlipa kila aliyekuamini, mama yako akiwa amesimama pembeni yako anaona.