Maji Yaliyovuka Kizingiti

Mwanamke aliyekuja kukodi chumba cha mbele alikuwa na swali moja tu. Alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani, akatazama sakafu, akatazama dari, halafu akamgeukia mwenye nyumba wetu.

"Shikamoo bibi. Chumba nimekipenda. Mvua kubwa huku inakuja kila baada ya muda gani?"

"Marahaba mwanangu. Mvua kubwa?" Bibi akacheka. "Hapa maji yameingia mara moja tu, mwaka niliojifungua kitinda mimba wangu."

Fundi cherehani aliyekuwa akishonea barazani petu akachomoa pini mdomoni. "Bibi, jamani! Mara moja? Mimi kila masika napandisha mashine juu ya meza."

Mwanamke yule alikuwa mtu wa Kilimanjaro, anauza vitenge kwa jumla, na alikuwa akitafuta mahali pa kuweka mzigo karibu na duka lake. Kitenge kikishalowa maji ya mtaroni hakina mnunuzi. Alisikiliza majibu yote mawili, akasema atarudi mwisho wa mwezi, na akirudi angependa kukuta jibu moja.

Alipoondoka, bibi alimtazama fundi kwa jicho ambalo bado nalikumbuka. Nilijua kwa nini. Mwana wa kwanza wa bibi alikuwa amempata mjenzi wa ghorofa aliyetaka kiwanja kile, na kwa ajili ya mama yake alikuwa ameona nyumba Chanika, nje kabisa ya mji, yenye uwanja na mwembe. Hakuwa mtoto mbaya. Aliona mabati yamechoka, kuta zimebanduka, akaogopa. Walikuwa wamekubaliana hivi: chumba cha mbele kikipata mpangaji wa maana, paa litengenezwe na habari ya kuuza iishe. Kisipopata, bibi ahame.

"Chanika nitamsalimia nani?" alikuwa akiniuliza, kama vile mimi ndiye niliyetaka kumpeleka.

Mimi nilikuwa nakaa chumba cha uani, karibu na bomba. Nilitoka Masasi, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu sikuweza kukaa. Nimebeba mizigo sokoni, nimepara samaki soko la Feri, nimeosha vipuri kwa mafundi wa Buguruni. Kila mahali nilikuwa nikishaelewa mambo yanavyokwenda, miguu inaniwasha. Kariakoo, kwenye nyumba ile ya bibi, ndiko nilikodumu kuliko kwingine kote. Asubuhi nilikuwa naamshwa na mikokoteni inayopita na matenga ya nyanya, na mama wa uji akigonga kikombe kwenye sufuria, na harufu ya mafuta ya cherehani inayoingia koridoni hata kabla fundi hajafungua mashine. Nikiwa mbali, harufu ile hunijia bila kuitafuta.

Swali la mwenye vitenge lilinikaa kichwani. Nikadhani ni jambo dogo: nitauliza watu wa mtaa, nijumlishe, nigawanye. Nikaanza na mwenye duka la vyombo. Kwake mvua kubwa ni ile inayomfungisha duka. Mama wa uji alisema ni ile inayomzimia jiko, kwa hiyo kwake mvua kubwa zilikuwa hazihesabiki. Bibi alikuwa anahesabu maji yaliyofika kwenye godoro tu. Kila mmoja alikuwa anasema kweli, na kila mmoja alikuwa anazungumzia mvua yake.

"Profesa, umefika wapi?" fundi alinitania nikirudi. "Shule uliikimbia, leo unasomea mvua?"

"Wewe mvua kubwa unaijuaje?"

"Nikisikia baridi kwenye kisigino niko kwenye cherehani, hiyo ni kubwa."

Ndipo nikaona kwamba kabla ya kuuliza inakuja mara ngapi, tukubaliane kwanza ni ipi. Nikachagua kizingiti cha mlango wa mbele. Maji yaliyokivuka tunayahesabu. Yaliyoishia nje, hata kama yamebeba ndoo na viatu vya watu, hayatuhusu.

Nikazunguka tena na swali jipya, na hapo kumbukumbu za watu zikaanza kunichezesha. Nyumba ya kushoto walinisimulia mvua ya harusi, biharusi akabebwa mgongoni na mjomba wake. Duka la kulia wakanisimulia mvua iliyolowesha magunia ya mchele. Nikazihesabu mbili, mpaka mjomba mwenyewe aliponiambia kwamba akiwa na biharusi mgongoni alijikwaa kwenye gunia. Ilikuwa mvua moja. Na bibi naye, katika mvua alizosema hazikuwepo, nyingine zilimkuta yuko Tanga kwa dada yake. Alirudi akakuta sakafu imedekiwa, hakuna aliyemwambia kitu.

"Haya, tuseme ziko chache kuliko anavyosema fundi," bibi alisema, "na zaidi kidogo kuliko ninavyosema mimi. Lakini mwaka jana si imenyesha ile kubwa? Basi ishapita. Itatupa nafasi miaka mingi."

Fundi alikuwa na mteja siku hiyo, mzee wa ofisini Posta aliyekuja kufupisha suruali. Alikuwa amejifunga kikoi cha fundi, akisubiri kwenye benchi na soksi zake nyeusi. Akaingilia kwa upole.

"Samahani mama. Mvua haina zamu. Chukua gunia la karanga, ndani mna chungu chache. Ukila chungu sasa hivi, ukitia mkono tena si unachota gunia lile lile?"

"Wewe uliyevaa kikoi cha watu," bibi akamjibu, "ndiye unayenifundisha karanga?"

Tulicheka mpaka mzee mwenyewe akashika kikoi kisimdondoke. Lakini bibi hakurudia tena maneno ya nafasi.

Jambo moja bado lilinisumbua. Maji aliyoyaona bibi ujanani yalikuwa adimu, na ya siku hizi yalikuwa yanavuka kizingiti kila baada ya misimu michache. Kwa fundi, mvua zilikuwa zimezidi ukali. Huenda ni kweli, sikuwa na cha kumpinga. Ila kila nilipomsikiliza bibi, alikuwa anataja ngazi. Alikuwa akikaa ngazi ya juu akisuka ukili. Watoto wake walikuwa wakigombania ngazi ya katikati. Mimi kwenye mlango ule nilikuwa naona ngazi moja, tena fupi.

Asubuhi moja nikachukua kipande cha nondo nikaanza kuchokoa pale lami inapokutana na baraza. Lami ilikuwa imeachana kidogo, ikabanduka vipande. Chini yake kulikuwa na lami nyingine, ya zamani zaidi, imekauka kama ukoko. Kila walipotengeneza barabara walimwaga mpya juu ya ile iliyokuwepo. Nikaenda chini zaidi, nondo ikagonga kitu kigumu. Nikapangusa kwa mkono. Ilikuwa saruji nyekundu, laini, ina ukingo uliozungushwa vizuri.

Bibi alitoka na kanga yake mabegani, tayari kunikaripia kwa uchafu ule. Akaona. Akainama taratibu, akashika goti, halafu akapitisha vidole kwenye ule ukingo.

"Hii aliizungusha kwa chupa ya soda," alisema. Alikuwa anamzungumzia marehemu mume wake. "Hakuwa na mwiko mdogo. Akanywa soda, akatumia chupa. Nikamwambia unajipendelea, kazi hujamaliza soda umeshakunywa."

Alibaki ameinama muda mrefu. Watu walipita, wengine na mizigo kichwani, wakatupisha bila kuuliza. Mimi sikuwa nimewahi kumwona mtu akifurahi na kuumia kwa pamoja namna ile, na mpaka leo nikiona saruji nyekundu kwenye nyumba za zamani huwa nasimama.

Halafu nikamweleza nilichoelewa. Kwamba nyumba ilikuwa juu, mtaa ukapanda mpaka ukaifikia. Kwamba mvua ambayo zamani ingeishia ngazi ya katikati, sasa inaingia chumbani. Miaka yake ya ujana haikuwa ya uongo, ila haiwezi kutusaidia kukisia miaka inayokuja. Tungehesabu tu tangu lami ya mwisho, na tangu hapo maji yalikuwa yameingia zaidi ya mara moja.

"Kwa hiyo yule wa vitenge hatachukua," alisema.

"Nikimwambia hivi, labda hatachukua."

Alitazama ngazi yake. "Mwambie. Akija kulowa na mimi nilikuwa najua, tutapitaje mlango mmoja kila siku?"

Mwisho wa mwezi mwenye vitenge alikuja kweli. Nilimweleza mlangoni, nikimwonyesha shimo nililochimba. Sikumpa hesabu ya kuapia, maana sikuwa nayo. Nilimwambia ajiandae kuyaona maji humu ndani, akikaa miaka mitano atayaona zaidi ya mara moja, na hata mwaka huu yanaweza kuja. Bibi alikuwa amekaa barazani, ameshika ushungi kwa vidole, hatutazami.

Mwanamke aliingia chumbani. Akauliza maji yakiingia yanaishia wapi. Fundi akamwonyesha alama ya ukutani, chini kidogo ya goti.

"Hayajawahi kupita hapa?"

"Tangu nije sijayaona."

Akaweka kiganja kiunoni mwake. "Basi mzigo wangu utaanzia hapa. Nitaleta fundi wa mbao. Bibi, wenzio wote niliowauliza mitaa hii wameniambia kwao ni pakavu." Akacheka. "Mtaa mzima pakavu, na mimi masika yaliyopita nilivua viatu nikapita navyo mikononi."

Mbao zililetwa wiki ile. Paa nalo likaanza kushughulikiwa, bati baada ya bati, bibi akisimamia kutoka chini na kumwambia fundi wa paa asikanyage asipojua.

Mvua ilikuja kabla masika hayajaisha, mchana kweupe, watu wakiwa sokoni. Ilipiga mpaka mtaro ukajaa, maji yakasita kidogo kwenye kizingiti, yakavuka. Mashine ya fundi ilikuwa tayari mezani. Vitenge vilikuwa juu, vikavu, na mwenye vitenge alikuwa amekaa juu ya mbao zake miguu ikining'inia, akipiga simu kwa wateja. Mwana wa kwanza wa bibi aliingia amekunja suruali, amelowa chapachapa, ametoka mbio kazini.

"Mama, umeona sasa? Si nilikwambia?"

"Nimeona," bibi alisema. Alikuwa amesimama koridoni, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. "Shika upande ule wa godoro."

"Mama, mimi nazungumza habari ya nyumba."

"Na mimi nazungumza habari ya godoro. Shika, tulipandishe mezani."

Akashika. Wakalipandisha. Kisha bibi akamtafutia fagio, na yule mwana, mtu mzima mwenye tai iliyolowa, akaanza kuyasukuma maji kuelekea mlango wa uani, mama yake akimwonyesha pembe alizoziruka.